Batli za Milangoni: Ukusanyaji wa Kumbukumbu za Kadi kutoka Hifadhidata na Suala la Fasiri

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi kumbukumbu za kadi za milangoni zinavyokusanywa kutoka katika hifadhidata kwa ajili ya ufuatiliaji wa usalama. Kwanza yanafafanua safari ya tukio moja kutoka kwenye kadi hadi kwenye rekodi. Kisha yanaeleza namna ya kuzikusanya rekodi hizo bila kuzipoteza wala kuziharibu. Hatimaye yanajadili matatizo ya fasiri yanayozuka rekodi inapogeuzwa kuwa ushahidi dhidi ya mtu. Hoja yetu kuu ni kwamba rekodi husema tu kuwa kadi fulani ilisomwa kwenye mlango fulani kwa saa ya mtambo. Kusema kwamba mtu fulani aliingia ni fasiri, na humu nchini fasiri hiyo aghalabu hufanyika kwa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Kwa miaka mingi bawabu wa Kenya amekuwa na daftari lake langoni. Mgeni huandika jina, nambari ya kitambulisho, anakokwenda, saa ya kuingia na saa ya kutoka, kisha hutia sahihi. Katika taasisi nyingi daftari hilo lingalipo, lakini kando yake pameingia mtambo. Mfanyakazi au mwanafunzi huisogeza kadi yake karibu na kisanduku kidogo ukutani, taa ya kijani huwaka na mlango hufunguka. Haja ya ulinzi wa aina hii si ya kubuni. Shambulio la tarehe 2 Aprili 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa, ambapo watu 148 waliuawa, liliwafanya wanajamii wa vyuo kote nchini kuyatazama malango yao kwa jicho jingine.

Huenda msomaji akajiuliza: suala hili lina uhusiano gani na wanafunzi wa Kiswahili? Jibu letu ni la namna mbili. Kwanza, lugha isiyoweza kueleza mitambo inayomtawala mzungumzaji wake humwacha gizani kuhusu mambo yanayomhusu. Pili, rekodi ya mlango ni matini. Ina mtunzi, ina wakati, ina yanayosemwa na yasiyosemwa, na mtu anaweza kupoteza kazi kwa sababu ya namna ilivyosomwa. Usomaji wa matini ndio kazi yetu.

2.0 Ufafanuzi wa Istilahi

Tutatumia istilahi nne. Hifadhidata ni mkusanyiko wa data uliopangwa katika majedwali ndani ya tarakilishi. Kisomakadi ni kifaa cha ukutani kinachosoma kadi. Tumeliunda neno hili kwa kufuata muundo wa kinasasauti, yaani kiambishi ki-, kitenzi na nomino. Kidhibiti ni mtambo unaopokea nambari kutoka kwa kisomakadi na kuamua iwapo mlango ufunguliwe.

Istilahi ya nne ni batli. Neno hili limo katika kamusi za Kiswahili tangu zamani nalo ni la mabaharia. Linahusu upimaji wa mwendo wa chombo na uwekaji wa kumbukumbu za safari. Nahodha huandika yaliyotukia kwa utaratibu wa wakati ili baadaye, chombo kikipata ajali, pawe na pa kuanzia uchunguzi. Rekodi zinazowekwa na mitambo zina tabia hiyo hiyo: huandikwa papo hapo, hupangwa kwa wakati, na husomwa baada ya jambo kutukia. Kwa hiyo batli ya mlangoni ni orodha ya matukio yote ya mlango kama yalivyoandikwa na mtambo. Hatuna haja ya kukopa neno jingine ilhali pwani yetu ilikwisha kutupa hili.

3.0 Safari ya Tukio Moja

Kadi ya kawaida haina betri. Kisomakadi hutoa mawimbi ya redio, aghalabu ya kilohezi 125 au megahezi 13.56. Kadi ikikaribia hupata nguvu kutokana na mawimbi hayo na kurudisha nambari yake. Kisomakadi huipeleka nambari hiyo kwa kidhibiti kwa njia ya waya. Mpangilio mmojawapo uliotumika sana ni ule wa Wiegand wa biti 26. Katika mpangilio huo biti 8 ni za nambari ya taasisi, biti 16 ni za nambari ya kadi, na biti 2 ni za kuhakiki kwamba ujumbe haukuharibika njiani. Nambari ya taasisi basi haiwezi kuzidi 255, na nambari ya kadi haiwezi kuzidi 65,535. Ni dhahiri kwamba ulimwenguni kuna kadi nyingi zenye nambari moja.

Kidhibiti huilinganisha nambari na orodha ya ruhusa, hufungua mlango au hukataa, kisha huandika tukio. Baadaye hulituma tukio hilo kwenye seva, ambako programu huliingiza katika jedwali la hifadhidata. Safu moja ya jedwali hilo kwa kawaida huwa na nambari ya mfuatano, tarehe na saa, jina la mlango, nambari ya kadi, na matokeo: umeruhusiwa, umekataliwa, mlango umelazimishwa, au mlango umeachwa wazi muda mrefu.

Tukumbuke kwamba jina la mtu mara nyingi halimo katika safu hiyo. Jina limo katika jedwali jingine, pamoja na nambari ya kadi aliyopewa. Yeyote anayetaka kujua ni nani aliyepita hana budi kuunganisha majedwali mawili. Ni katika kiungo hicho ambapo makosa mengi huzaliwa, kama tutakavyoona.

4.0 Jinsi Batli Zinavyokusanywa

Batli iliyolala katika seva ya milango haimsaidii mlinzi sana. Ufuatiliaji wa usalama hutaka batli hizo zipelekwe mahali pamoja na kumbukumbu nyingine, kama vile za kuingia katika tarakilishi na mtandao, ili zilinganishwe. Kadi ya mtu ikisomwa Nairobi na baada ya dakika kumi ikasomwa Kisumu, kuna jambo. Tarakilishi ya ofisini ikifunguliwa kwa jina la mtu ambaye kadi yake haijaonekana langoni siku hiyo, kuna jambo. Kadi ya mtu aliyeacha kazi ikijaribiwa usiku katika milango mitano mfululizo, hapo pia kuna jambo.

Programu ya kukusanya hufanya kazi kama karani anayetembelea masjala kila baada ya dakika chache. Hupewa akaunti ya kusoma tu, isiyoweza kufuta wala kubadilisha chochote. Huiuliza hifadhidata kwa lugha ya SQL swali ambalo kwa Kiswahili lingekuwa hivi: nipe rekodi zote zenye nambari kubwa kuliko 48210, ukizipanga kuanzia ndogo hadi kubwa. Ikishazipokea, huweka alamisho kwenye nambari ya mwisho, na safari ijayo huanzia hapo.

Utaratibu huu unaonekana mwepesi, lakini una mitego minne.

Mtego wa kwanza ni wa matukio yanayochelewa. Waya wa mtandao ukikatika, kidhibiti huendelea kufungua milango na kuyaweka matukio katika kumbukumbu yake chenyewe. Mtandao ukirudi huyatuma yote kwa pamoja. Ikiwa alamisho imewekwa kwa saa ya tukio, matukio hayo ya zamani yatakuwa nyuma ya alamisho na hayatachukuliwa kamwe. Ndiyo maana inafaa alamisho ifuate nambari ya mfuatano ambayo hifadhidata hutoa wakati wa kuandika, wala si saa ya tukio. Hata hivyo, nambari hizo nazo huweza kupishana kidogo seva inapoandika mambo mengi kwa wakati mmoja. Karani mwangalifu hurudi nyuma hatua chache, akasoma tena, kisha akatupa nakala zilizojirudia.

Mtego wa pili ni wa nambari zenyewe. Kwa kuwa nambari ya kadi peke yake si ya pekee, sharti nambari ya taasisi ichukuliwe pamoja nayo. Aidha, sufuri za mwanzo zisidondoshwe. Kadi 00412 ikinakiliwa kama 412 katika mfumo mmoja na kuachwa kama ilivyo katika mfumo mwingine, mifumo hiyo haitakubaliana kwamba ni kadi moja.

Mtego wa tatu ni wa jina. Kadi hurudishwa na kupewa mtu mwingine. Programu ikiunganisha batli ya mwaka jana na orodha ya leo ya wenye kadi, itamtwika mfanyakazi mpya safari za mtu aliyekwisha kuondoka. Muungano huo unapaswa kuuliza ni nani aliyekuwa na kadi hiyo siku ile, wala si nani aliye nayo sasa. Ili kuliwezesha hilo, jedwali la wenye kadi liwe na tarehe ya kutolewa na tarehe ya kurudishwa kwa kila kadi.

Mtego wa nne ni wa kimya. Programu ya kukusanya ikifa, haipigi kelele. Skrini ya mlinzi hubaki tulivu, naye hudhani kwamba hakuna tukio. Kwa hiyo kimya chenyewe kinastahili kuwa tukio: lango kuu lisipotoa rekodi hata moja kati ya saa moja na saa tatu asubuhi siku ya kazi, kengele ilie.

Wanafunzi wa fasihi andishi ya kale hawatashangazwa na mitego hii. Miswada ya tenzi ya hati za Kiarabu ilitufikia kwa mikono ya wanakili, mashuhuri miongoni mwao akiwa Muhamadi Kijuma wa Lamu, na kila anayehariri utenzi hujua kwamba nakala hutofautiana. Kanuni ya mhariri ni kwamba matini ya asili isiguswe, na kila badiliko liandikwe kando. Kanuni hiyo inamfaa pia mkusanyaji wa batli. Atunze rekodi kama ilivyotoka katika hifadhidata, na marekebisho yake ya saa, majina na nambari ayaweke katika safu nyingine.

5.0 Tatizo la Saa

Katika mambo yote ya batli, hakuna linalomhusu mzungumzaji wa Kiswahili kama saa. Hifadhidata nyingi huandika saa ya ulimwengu, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3 mwaka mzima. Kiswahili nacho huanza kuhesabu saa mapambazuko na machweo, kwa hiyo hutofautiana na saa ya tarakilishi kwa saa 6. Tukio moja basi huweza kuwa na nambari tatu.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kushuhudia matokeo ya jambo hili. Kabla ya kujiunga na masomo ya uzamili alikuwa karani katika taasisi moja, na siku moja aliitwa kuandika kumbukumbu za kikao cha nidhamu. Aliyeshtakiwa alikuwa mama mmoja wa kufanya usafi. Vifaa vilikuwa vimepotea ghalani, na karatasi iliyochapwa kutoka katika hifadhidata ilionyesha kadi yake kwenye mlango wa ghala saa 02:14. Mwenyekiti aliisoma kuwa saa nane na dakika kumi na nne usiku.

“Mama, ulikuwa unatafuta nini ghalani saa nane za usiku?” aliuliza.

“Bwana mwenyekiti, mimi huingia saa kumi na moja alfajiri. Nachukua ndoo na ufagio, basi,” mama alijibu.

Fomu yake ya maelezo iliongeza utata. Aliyemwandikia alikuwa ameigeuza saa kumi na moja na robo aliyoitaja kuwa 11:15, na wajumbe wakaona kwamba amejipinga mwenyewe: mara alfajiri, mara karibu na adhuhuri. Alirudishwa nyumbani bila mshahara uchunguzi ukiendelea.

Aliyefumbua fumbo hilo ni bawabu. Alileta daftari lake la karatasi na kueleza kwamba lango hufungwa kwa kufuli hadi saa kumi na moja alfajiri. Hakuna mtu ambaye angefika ghalani saa nane. Hapo karatasi ya batli ilisomwa tena, safari hii yote, wala si mstari mmoja. Ilidhihirika kwamba wafanyakazi wote wa taasisi walionekana wakiingia kati ya 04:45 na 05:30, akiwemo mwenyekiti mwenyewe saa 05:20. Kila mmoja alijua kwamba ofisi hufunguliwa saa mbili asubuhi. Karatasi nzima ilikuwa nyuma kwa saa 3. Tukio la 02:14 lilikuwa la 05:14, yaani saa kumi na moja na dakika kumi na nne alfajiri, kama mama alivyosema tangu mwanzo. Alirejeshwa kazini baada ya majuma matatu. Mshahara wa majuma hayo hakulipwa.

Mtambo haukusema uongo. Uliandika saa sahihi kwa hesabu yake. Kosa lilikuwa katika kukusanya rekodi bila kutaja ni saa ya wapi, na katika kuyaandika maneno ya Kiswahili kwa tarakimu bila kuyafasiri. Tarehe pia ina hatari hiyo. Tukio la saa saba na nusu usiku wa kuamkia Jumanne huandikwa kwa saa ya ulimwengu kuwa 22:30 Jumatatu. Tena, katika matumizi ya pwani ambako usiku hutangulia mchana wake, “usiku wa Jumanne” ni ule unaofuata mchana wa Jumatatu. Shahidi na mtambo huweza wote kuwa wakweli na bado wakahitilafiana.

Dawa yake si ngumu. Kila saa inayokusanywa iandikwe pamoja na tofauti yake na saa ya ulimwengu, kwa mfano 05:14+03:00. Saa za vidhibiti vyote zisawazishwe kutoka chanzo kimoja. Na maelezo ya shahidi yaandikwe kwa maneno aliyoyatamka, pamoja na kipindi cha siku: alfajiri, asubuhi, alasiri, jioni au usiku. Tarakimu ziongezwe baadaye, kando.

6.0 Yasiyosemwa na Batli

Hata saa ikiwa sahihi, batli ina mipaka. Haioni watu; huona kadi. Mtu mmoja akifungua mlango na wenzake watatu wakapita nyuma yake, batli huandika mtu mmoja. Adabu yetu ya kumshikia mwenzako mlango huifanya hali hii kuwa ya kila siku. Kadi huweza kuazimwa au kuibwa, na nyingine huweza kunakiliwa. Kadi nyingi za kilohezi 125 hutoa nambari yake bila siri yoyote, na mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud huko Nijmegen, Uholanzi, walionyesha udhaifu wa usimbaji wa kadi za MIFARE Classic, zilizokuwa zimeenea sana duniani. Vilevile, mlango uliofunguliwa kwa kadi huenda haukupitwa: mtu alikumbuka jambo akarudi.

Katika nadharia ya usimulizi tunafundishwa kutofautisha anayeona na anayesema. Kisomakadi husema bila kuona. Anayekiamini kama shahidi wa macho hukipa uwezo kisichokuwa nao.

Kwa upande mwingine, batli husema mengi kuliko inavyokusudiwa. Ikikusanywa kwa miezi, huonyesha nani huenda zahanati mara kwa mara, nani hutoka Ijumaa adhuhuri, nani hula na nani, na nani alihudhuria mkutano wa chama cha wafanyakazi. Haya si mambo ya usalama, ni maisha ya watu.

7.0 Batli na Sheria

Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaitekeleza haki hiyo. Inataka data za mtu zikusanywe kwa lengo lililo wazi na halali, ziwe sahihi, na zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika. Inampa mhusika haki ya kufahamishwa jinsi data zake zitakavyotumiwa, haki ya kuziona, na haki ya kuomba zisahihishwe. Inamlinda pia dhidi ya uamuzi mzito unaofanywa na mtambo peke yake. Data zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wahusika, Kamishna wa Data hana budi kuarifiwa katika muda wa saa 72.

Kwa upande wa mahakama, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinaweka masharti ya kupokewa kwa rekodi za kielektroniki, yakiwemo cheti kinachoeleza rekodi ilivyotolewa na mtambo uliotumika. Sheria basi inakiri jambo tulilolisisitiza: karatasi iliyochapwa haijitoshelezi, sharti iandamane na maelezo ya jinsi ilivyopatikana.

8.0 Hitimisho

Tumeeleza kwamba batli ya mlangoni hupitia mikono mingi kabla ya kumfikia msomaji: kadi, kisomakadi, kidhibiti, hifadhidata na programu ya kukusanya. Katika kila mkono kitu huweza kupotea au kubadilika. Mkusanyaji mwema ni yule anayeitunza asili, anayetaja saa ni ya wapi, anayejua kadi ilikuwa ya nani siku ile, na anayeshtuka panapokuwa na kimya.

Tunapendekeza mambo matatu. Taasisi zenye kadi za milangoni ziwaeleze wenye kadi, kwa Kiswahili, ni nini kinachoandikwa na kwa muda gani kinahifadhiwa. Vikao vya nidhamu visitoe uamuzi kwa mstari mmoja wa batli bila kusoma mistari inayouzunguka na bila kumsikiliza bawabu. Na vyama vya wanafunzi wa Kiswahili viendeleze kazi ya istilahi, kama ilivyofanywa na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, lakini sasa kwa upande wa mitambo inayotuandika sisi wenyewe. Yule mama alikuwa ameitaja saa yake kwa Kiswahili sanifu. Kikaoni hapakuwa na mtu aliyejua kuilinganisha na saa ya mtambo.